Mwanangu Limi, Mifereji Niliivunja Mimi

Mwanangu Limi,

Mimi baba yako Maduhu nimepita miaka sabini. Nimeipita kwa mingapi sijui, maana mama yangu alihesabu kwa njaa na nzige, kalenda hakuwa nayo. Nimewazika ndugu zangu wote, walionitangulia kuzaliwa na walionifuata. Nimeishi kuliko chui aliyenirarua bega la kushoto, kuliko mtu aliyeniachia ncha ya mshale ndani ya paja, kuliko mabwana shamba waliokuja kunifundisha kulima pamba wakaondoka wamefundishwa wao, na kuliko chama cha ushirika kilichotuambia kitakuwepo mpaka wajukuu. Pale hospitali ya Somanda nimeambiwa mara mbili kwamba sifiki asubuhi. Daktari wa mara ya kwanza tumeshamzika.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima niliingia na rungu langu nikalilaza chini ya benchi, nikagombana na mwalimu, na nilipotoka herufi zote nilikuwa nazijua. Ukikuta neno limekaa upande, mimi ndiye niliyelikalisha hivyo, usihangaike kulinyoosha.

Kesho unaondoka kwenda ng'ambo. Habari za blanketi, za chakula cha njiani, za kutozungumza na wapiga debe pale Lamadi basi likisimama, mama yako amezisema mpaka mbuzi wamezijua. Mimi nitasema lile usilotaka kulisikia. Tangu siku ile hujaniamkia. Asubuhi unapita zizini, unampigia mama yako goti, unamwamkia mwangaluka mayu, halafu mimi unanipita kama unavyopita nguzo ya boma. Na umemwambia kwamba ukishapanda basi hurudi tena kwenye mji wa mtu aliyevunja mifereji yako na kumvunja Jilala mkono.

Haya. Mifereji niliivunja mimi. Mkono wa Jilala niliuvunja mimi. Sibishi. Lakini ulichosimuliwa ni nusu, na mimi sitaki mwanangu avuke bahari akiwa amebeba nusu.

Kwanza nikurudishe wakati hujazaliwa, kwa habari ya mdogo wangu Shija. Jina lake unalijua, kifo chake hukijui, kwa sababu hapa nyumbani nilikataza kisisemwe. Wezi walituchukulia ng'ombe alfajiri. Tukapiga mwano, ule ukelele wa kuita watu, tukafuata nyayo mpaka jua likawa utosini, tukawakuta kwenye vichaka upande wa hifadhi wanapumzika kama watu waliotoka harusini. Nilimpiga wa kwanza rungu la kichwa, likaingia kama linavyoingia kwenye boga. Wa pili alinipa huu mshale wa paja. Nikauvunja mti wake nikaendelea. Hakuna mtu Bariadi nzima aliyepigana kama mimi siku ile, na waliokuwepo walikuwa wanasema hivyo mpaka walipokufa.

Shija alipigwa chini ya mbavu. Akakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli. Akaniambia, "Maduhu, nishike."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, dume linavuka korongo."

Alikuwa nzagamba, dume letu la zizi, mweusi tititi, nundu kama kichuguu. Nikamkimbilia na mguu wangu unaovuja damu, nikamrudisha. Niliporudi Shija alikuwa ameshapoa na nzi wako mdomoni. Tulifika nyumbani na ng'ombe wote. Wanawake wakanipigia vigelegele, nikachezewa ngoma, na mimi nikacheza, mwanangu, nilicheza na mguu ule ule. Dume lile likafa kwa ndigana kabla mvua hazijaisha.

Hilo sikuambii ili unililie. Nataka ujue kwamba siku ya mifereji, katikati ya kelele zile, sauti niliyoisikia mimi ilikuwa ya Shija.

Halafu likaja soko huria. Wewe ulikuwa shuleni, hukuona lilivyoanza. Gulio la pamba lililokuwa na mizani moja ya ushirika likawa na mizani kama uyoga, kila mnunuzi na lori lake na kijana wake wa kuvuta watu mashati. Walitupenda sana msimu ule. Mmoja nikamwona ameegesha kidole chini ya sahani ya mizani, anauinua mzigo wangu kidogo, anacheka na mimi huku. Nikakishika kile kidole nikakigeuza mpaka kikatazama alikotoka. Nililala mahabusu. Nilipokuwa mahabusu mvua ilinyesha juu ya pamba yangu yote, na yule mnunuzi akainunua kwa mama yako kama takataka, kwa mkono wake mzima. Nilijisifu kwa kidole kile miaka mingi. Mama yako kila nikijisifu alikuwa anauliza, "Na pamba?"

Na mashine yangu ya kusaga nayo ikakutwa na hayo hayo. Zamani dizeli ilikuwa shida kuipata. Sasa ikawa inapatikana, ila mwenye nayo anakutajia bei huku anaangalia pembeni. Siku nyingi mashine ikawa imelala na wanawake wamerudi kwenye vinu, wanatwanga wananiangalia, kila mchi unaposhuka naona kama unanishukia mimi.

Hapo ndipo ulipotoka chuo ukaja na maneno yako.

"Baba," ulisema, "ule utando wa kijani wa kwenye lambo unaweza kuendesha mashine yako."

"Utando?"

"Unaitwa mwani. Ni mimea midogo kiasi kwamba huwezi kuuona mmoja mmoja. Inakula jua, na ndani yake inaweka mafuta."

"Mimi nimekaa juani miaka yote hii, mbona sitoi hata tone?"

"Wewe baba jua lako linaishia kwenye maneno."

Mama yako alicheka mpaka ufagio ukamwanguka. Nilikasirika, lakini nilikupa kipande cha mbuga chini ya ukingo wa lambo, na nikakupa punda. Hilo hakuna anayelisema siku hizi. Punda alikuwa wangu.

Ukaja Jilala, mtu mzima wa Nassa, aliyeacha uvuvi baada ya ziwa kumchukulia mkewe. Ulimkuta anabeba mizigo Lamadi ukamleta akakusaidia kuchimba. Mkachimba mifereji mitatu, mkatandika nailoni, mkajaza maji. Nilikuja kusimamia. Nikawauliza mbona haina kina, hata bata hawezi kuoga. Ukanieleza, na nikiri kwamba ulinieleza vizuri. Ulisema taabu ya kazi hii haiko kwenye uchache wa jua, na Bariadi nani amewahi kulia jua ni dogo. Taabu ni mwani wa juu. Unajishindilia jua kuliko unavyoweza kulitumia, lile lililozidi unalitupa likawa joto la bure, na mwani wa chini unakaa gizani unakufa njaa. Kwa hiyo maji yawe machache kwenda chini, na yakorogwe kutwa, wa chini upande na wa juu ushuke. Ndipo ukamfunga punda akazungusha lile gurudumu la makasia.

Kisha ukaniambia jambo la pili. Kwamba unatafuta mwani wa aina yake, unaochagua kwenye chupa, chupa baada ya chupa, mwani usio na pupa, unaochukua mwanga kidogo na kuuachia mwingine upite uwafikie walio chini. Hili la pili, Limi, mimi sikulisikia. Masikio yalikuwepo lakini macho yalikuwa kwa punda, naangalia kama mnamfunga vizuri, maana kamba ilikuwa inamkwaruza shingo.

Siku mliyokamua mafuta ya kwanza, yakajaa kopo, ukayachanganya na dizeli kidogo, nikaivuta mashine mimi mwenyewe. Ikakohoa, ikakohoa, ikanguruma. Ikasaga debe la mahindi mpaka mwisho. Moshi wake ulinuka samaki, na yule mama mwenye debe akasema, "Mzee Maduhu, leo tutakula ugali wenye mboga ndani." Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Moyo wangu ulikuwa umevimba, sijui kama uliona.

Kuvimba kwangu ndiko kulikotuponza. Jioni ile nilikwenda kwenye pombe. Nikakuta wazee, na katikati yao Masunga, ntemi, mkuu wa sungusungu, rika langu, ambaye tangu utoto tunashindana kwa kila kitu na kila kitu namshinda. Nikasimama. Nikasema, "Mwakani lambo lote la kijiji litakuwa kijani toka ukingo mpaka ukingo. Binti yangu atalifanya mafuta. Mtakuja na madumu, mtanipigia goti, na wewe Masunga nitakupimia wa mwisho."

Hukusema hivyo wewe. Hujawahi hata kuligusa lambo. Nilisema mimi, kwa sababu kilabu kilikuwa kimejaa na Masunga alikuwa ananiangalia.

Kiangazi kikaja kile kibaya. Lambo likashuka, likawa supu ya samadi na joto, na kweli likawa kijani toka ukingo mpaka ukingo, peke yake. Wewe uliona ukakimbia kuwaambia watu wasinyweshe pale. Ulisema kijani kile ni jamii nyingine, kina sumu, kinaota chenyewe maji yakiwa machafu na jua likizidi. Walikusikiliza wakiwa wamekunja uso. Nani alijua kabla ya ng'ombe kufa? Binti Maduhu. Nani alisema lambo litakuwa kijani? Maduhu. Wakajumlisha.

Ng'ombe walikunywa kwa sababu hapakuwa na maji mengine. Walipanda ukingo wakitetemeka, miguu ya mbele ikikunjika kama wanasali, wakaanguka wanapiga kwato hewani. Masunga alipoteza karibu zizi zima. Nilimwona amekaa katikati ya mizoga anampiga kofi kila aliyelala, anamwamrisha asimame. Siku hiyo sikumcheka.

Wewe ukachukua maji ya lambo kwenye chupa ukapanda gari kwenda Mwanza yakapimwe. Ulipofika huko wewe, huku mwano ukapigwa.

Ilikuwa mchana. Nikachukua rungu nikakimbia kama kila mwanamume, maana asiyeitikia mwano anatozwa mchenya, faini ya ng'ombe, na mimi sijawahi kutozwa. Nilidhani wezi. Nikafuata vumbi, na vumbi likanipeleka kwenye mifereji yako.

Walikuwa wamemfunga Jilala kamba ya ng'ombe shingoni. Wawili wanaivuta, mwingine amemkalia mgongoni, na mwingine anamwinamisha kichwa ndani ya mfereji anapiga kelele, "Kunywa dawa yako! Kunywa, tuone!" Akainuliwa, akatapika kijani, akainamishwa tena. Uso wake ulikuwa umeshavimba jicho moja halipo. Nyuma yao wenye pinde, na nyuma yao mtu ameshika jembe kwa mikono miwili anasubiri nafasi.

Masunga akaniona.

"Maduhu, umekuja kama sungusungu au kama baba wa mchawi?"

"Nimekuja kwa sababu mwano umelia. Nisingekuja ungekuwa zizini kwangu sasa hivi unachagua ng'ombe."

Wawili watatu walicheka. Kucheka kule kulinipa pumzi moja.

"Huyu mtu ni wa mji wako?"

Elewa swali lile, mwanangu. Ningesema si wangu, jembe lilikuwa tayari. Ningesema ni wangu na kuwaomba wamwache, wangemmaliza, kisha wangekuja nyumbani alipo mama yako na viberiti. Lakini sisi tuna utaratibu wetu, umekua ukiuona. Mtu wa mji akikosa, mwenye mji ndiye wa kumpiga kwanza. Akishampiga mbele ya kundi na kukubali mchenya, kundi linaweka silaha chini linakula, na waliokula nyama yako hawana tena mkono juu ya mtu wako. Ila awe amempiga kweli. Kundi si watoto, linajua fimbo ya kuigiza.

Nikasema, "Anakula kwangu, analala kwangu. Ni wa mji wangu. Mwacheni, nampiga mimi."

"Mpige basi," akasema Masunga. "Usimpapase."

"Kichwa!" wakapiga kelele. "Mzee, kichwa!"

Walimwachia kamba. Jilala akainuka kwa magoti akanitazama kwa lile jicho lililobaki. Nisingeweza kumwambia neno. Nikaliinua rungu juu sana, juu kuliko inavyohitajika, ili alione linakuja, na alipoliona akaweka mkono, na mimi nikaupiga mkono kwa nguvu zangu zote. Ulilia kama kuni kavu. Kundi likasema "Eeeh!" kwa pamoja. La pili nikampiga mgongoni, akalala kifudifudi, nikamkanyaga shingo nisimpe nafasi ya kuinuka, kwa sababu angeinuka wangeona bado ana nguvu. Alikuwa ananguruma chini ya mguu wangu. Niliusikia mngurumo ule kwenye unyayo, na mpaka leo nikivua kiatu nausikia.

"Bado mifereji," akasema Masunga.

Nikalichukua jembe kwa yule mtu, likatoka mikononi mwake, na hilo peke yake lilikuwa faida. Nikapanda kwenye tuta. Nilivunja kwa matusi na kelele, nikawatangulia wote, nilitaka waone hasira yangu ni kubwa kuliko yao mpaka yao ione aibu. Wa kwanza kuuvunja ulikuwa ule wa mwisho kulia, wenye mwani wa rangi hafifu, kijani cha jani la maharage linalonyauka. Nilikuwa nimeshauangalia siku nyingi nikijiambia huu mgonjwa, Limi anauonea huruma bure. Maji yakamwagika kwenye mbuga, yakaingia kwenye nyufa, yakaisha. Nikaja wa katikati. Nilipofika wa tatu nikasimama.

"Masunga, niachie ndoo moja."

"Ya nini?"

"Mwanangu ana kazi nayo."

"Chota ukanywe, mzee. Huenda ukaota pembe."

Wakacheka, na mimi nikachota. Nikachota ule mweusi kabisa, mzito, ule uliofunga mpaka kasia linakwama. Mimi nimechagua madume tangu sijaota ndevu. Nikiona kitu cheusi kinachong'aa kimeshiba, najua hicho ndicho mbegu. Kilichopauka kina minyoo.

Mchenya nilitoa nzagamba wangu. Walimchinja pale pale kwenye tope la mifereji. Masunga alikula ini. Alipomaliza akanipa kipande, na mimi nikala mbele yake, huku Jilala amelala kwenye machela ya kamba anasubiri watu wamalize kutafuna ili apelekwe Somanda. Nilimpeleka mimi. Njia nzima alikuwa ananitukana kwa Kisukuma cha Nassa, matusi mazuri sana, mengine sijawahi kuyasikia. Na aliyenyweshwa maji ya mfereji hakufa. Hata Masunga aliliona hilo, baada ya siku kupita, akaanza kunipita njiani anaangalia miguu yake.

Uliporudi kutoka Mwanza na jibu kwamba sumu ilikuwa ya lambo lenyewe, nani alikuwa na haja nalo tena? Walikuwa wameshakula. Ulikwenda kwenye mifereji, ukaenda hospitali, ukaja nyumbani. Nikakuletea ile ndoo kwa mikono miwili, kama mtu anavyoleta mahari. Nilingoja unisifu. Ukaangalia ndani. Ukasema, "Baba, huu ndio niliokuwa nautupa."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Ndoo niliiacha nyuma ya ghala, juani, nikasema nitakuonyesha kwamba unakosea. Kila siku naiangalia. Juu ulikaa mweusi unang'aa. Nikatia mkono ndani. Chini ya ule unene palikuwa baridi, na kilichotoka na vidole vyangu kilikuwa kimeoza, kinanuka kama tumbo la mzoga. Basi ndipo lile jambo lako la pili likanifikia, lile la mwani usio na pupa. Lilichelewa njiani kwa sababu ya punda. Sisemi mimi ndiye ule mwani mweusi. Wewe ndiye unayesema, kwa kule kukaa kwako kimya, na mimi nakataa. Lakini nimefikiri habari ya kilabu, habari ya watu niliowazibia, habari ya kaka zako waliohama mji huu wakiwa hawajawahi kumaliza sentensi mbele yangu. Nimefikiri tu. Nikaimwaga.

Sitakuambia unisamehe. Mtu hapewi amri ya hivyo, na mimi mwenyewe sikumsamehe hata mwenye mizani. Na yaje tena yale yale, kamba ile na jembe lile, Jilala nitampiga tena, na pale pale kwenye mkono.

Ninalotaka kukuambia ni kuhusu hasira yako, maana ni yangu, nimeitambua kwa kutembea kwake. Yangu ina rungu, inapiga, inachoka, inaomba maji ya kunywa. Yako haina hata sauti. Imekaa miezi hii yote inakula pamoja nasi na haijachoka. Mimi nimeua watu, Limi, na bado nakuambia yako ni mbaya zaidi. Ukienda nayo huko kwa watu wa ng'ambo, watakuvunjia kitu siku moja, kwa ujinga au kwa haraka, na utawanyamazia, na kazi itakufa kwenye ule unyamavu. Piga kelele. Tukana kama Jilala. Kisha uanze tena. Ule mwani hafifu uliutoa wapi mara ya kwanza? Kwenye lambo hili hili, kwa chupa zako. Lambo halijahama.

Na ukikutana na mtu kama mimi, mwenye miaka mingi na sauti kubwa, usimweleze mambo mawili kwa wakati mmoja. Mweleze moja. Mwondolee punda mbele ya macho, halafu mweleze la pili.

Kama hutaki kuniamini, usiniamini, sijazoea kuaminiwa hapa nyumbani. Uliza waliokuwepo.

Muulize Masunga. Hanipendi, kwa hiyo hawezi kudanganya kwa faida yangu. Atakuambia swali aliloniuliza na nilivyomjibu, na atakuambia jembe lilikuwa mkononi mwa nani kabla halijawa mkononi mwangu.

Muulize Jilala, utampitia Nassa njiani. Mkono wake umeunga vibaya na ananichukia kwa haki. Atakuambia kama aliliona rungu linavyokuja, na kama liliinuliwa juu kuliko inavyohitajika.

Na muulize mama yako. Alikuwepo, alinifuata mbio na ndoo yake kichwani, na hilo hukuambiwa. Nilipopanda kwenye ule mfereji wa kulia yeye alikuwa ameshaingia ndani ya maji mpaka kwenye mashavu ya miguu, anachota ule hafifu. Nilidhani ameshikwa na wazimu wa woga. Nikamshika mkono nikamtoa, ndoo ikamwagika, nikamwambia mbele ya watu wote, "Toka hapo, mwanamke, huo ni mgonjwa." Akaniambia, "Limi anasema ndio wenyewe." Akasema mara ya pili. Nikavunja tuta. Miezi hii yote umelala chumba kimoja naye na hajakutamkia, ananifichia mimi mumewe. Sasa amefunguliwa. Kabla hujapanda basi, muulize.

Baba yako,
Maduhu